Gede: Tarehe ya Mji Uliolindwa na Mizimu Yake

Mji wa Gede hauonekani kutoka baharini. Uko bara kidogo, yapata kilomita 6 kutoka ufukweni na kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, katika pwani ya Kenya, na msitu umezizonga kuta zake hata mgeni huweza kuwa amekwisha ingia mjini kabla hajatambua. Wagiriama wanaoishi jirani husimulia kuwa wazee wa kale wangali humo: roho za watu wa dini wa mji ule, zilizobaki kuulinda, na anayeuharibu huandamwa na laana yao. Jua likitua, wengi hawapendi kukatiza mle.

Habari hizi huwekwa mwishoni mwa vijitabu vya watalii, aya moja ya kumchangamsha msomaji. Mimi naziona ni sehemu ya tarehe yenyewe, tena sehemu nzito, kwa sababu hofu ya mizimu ndiyo iliyoutunza mji huu muda mrefu kabla serikali haijaweka mlinzi wa kwanza langoni.

Watu walikuwa wakiishi hapa tangu karne ya 12, labda na kabla yake. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia, na ndilo linalowapa wanahistoria mahali pa kushika wanapohesabu miaka ya Gede. Karne ya 15 ndiyo iliyouona mji katika fahari yake. Ulijengwa msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye kisima na birika la kutawadhia, na kibla chake kilipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa ukutani. Karibu yake palisimama jumba la mtawala, na nyumba za matajiri zikabanana kando ya vichochoro vyembamba. Wakazi hukadiriwa kufikia 2,500. Katika nyumba hizo zimepatikana sarafu za Kichina, ushanga wa Venice, taa ya chuma, mkasi na makauri, na leo nyumba zenyewe huitwa kwa majina ya vitu hivyo, maana majina ya waliolala humo yamepotea.

Hata jina la mji limepita mikononi mwa wengine. Gede ni jina lililokuja baadaye, kwa Waoromo. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakafanya urafiki na mfalme wake, wakakaa karibu miaka mia, na katika maandishi yao Gede haitajwi. Mji wenye msikiti, jumba na kuta, mwendo wa siku moja kwa miguu, na hakuna mstari unaouhusu! Yawezekana waliujua kwa jina jingine. Vyovyote iwavyo, mji uliokosa kuandikwa hubaki mikononi mwa wasimulizi, na wasimulizi wa pwani hawajawahi kuacha gofu tupu. Mbuyu mkubwa, pango, kisima kilichokauka, msikiti usio na muumini: kila mahali pa namna hiyo pana mwenyewe.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni kwamba ulinzi wa roho haukuletwa Gede na waliokuja baadaye. Wenyeji wa mji waliuweka wao. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua Gede mwaka 1948 na kuendelea humo kwa miaka kumi, alikuta vyungu vilivyozikwa chini ya sakafu, karibu na milango, akavieleza kuwa ni fingo. Watu wa pwani wanajua fingo ni nini. Mwenye nyumba humwita mganga, nyumba ikazindikwa, na jini akapewa makao katika chungu ili ailinde. Anayeingia kwa nia njema hapati neno. Anayeingia kwa nia mbaya hurukwa na akili. Waliofanya hivyo walikuwa Waislamu waliosali katika msikiti ule mkuu, na hawakuona kuwa dua na fingo haviwezi kukaa chini ya paa moja. Kwa hiyo Mgiriama anayemwambia mjukuu wake kuwa kuta zile zina walinzi anasema, pengine bila kujua, jambo lile lile ambalo mwenye nyumba wa Gede alilikusudia alipozika chungu chake miaka mia tano iliyopita.

Kwa nini waliondoka? Kati ya mwaka 1587 na 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, waliipitia pwani kwa moto, kutoka Kilwa hadi Mombasa, mpaka Wasegeju, washirika wa Malindi, wakawavunja nje ya mji huo. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, mtawala wa Malindi akahamia huko, na upande huu wa pwani ukapoa. Gede ilihamwa, ikakaliwa tena na watu wachache waliojizungushia ukuta wa ndani, mdogo kuliko ule wa kale. Halafu Waoromo wakashuka kutoka kaskazini. Maji nayo yalizama: kisima cha msikiti mkuu kilibidi kuchimbwa chini zaidi. Kufikia katikati ya karne ya 17 hakuna aliyebaki. Mibuyu na mikuyu ikaota vyumbani, kima wakarithi kuta.

Wagiriama walipoenea kaskazini katika karne ya 19 waliukuta msitu wenye mawe yaliyopangwa na watu wasiowajua. Wao wana kaya zao, misitu ya wahenga ambamo hakatwi mti ovyo, na heshima hiyo hiyo wakaipeleka Gede. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, alifika mwaka 1884. Baada yake walikuja wengine, na hao hawakuogopa laana. Walibandua kaure kutoka kutani wakaenda nazo. Serikali ya kikoloni iliutangaza mji kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na miaka miwili baadaye ikalazimika kuuwekea ulinzi wa sheria kwa sababu ya wizi huo. Nikizitazama zile duara tupu ukutani, ambamo bakuli zilikaa, nasikitika kwamba wezi wale hawakuwahi kumsikiliza mzee yeyote wa Kigiriama.

Kirkman mwenyewe, mtu wa vipimo na koleo, aliandika kwamba siku zake za mwanzo alihisi kutazamwa kutoka nyuma ya kuta na kitu kisicho adui wala rafiki. Namheshimu kwa kuliandika. Lakini aliuita mji huu wa Kiarabu, na kosa hilo lilichukua miaka mingi kusahihishwa na watafiti waliomfuata: Gede ilijengwa na Waswahili, watu wa pwani hii, waliofanya biashara na Bara Hindi na China bila kuacha kuwa wa hapa.

Mahali pengine uhusiano wa walio hai na wafu wa magofu haujakatika kabisa. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ni gofu vile vile, lakini watu wa Shela, katika kisiwa jirani cha Lamu, bado huvuka kwenda kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Kule wafu wana jamaa wanaowatembelea kwa dua. Wafu wa Gede hawakuacha jamaa anayejulikana, ndiyo maana wanaogopwa.

Julai 2024 UNESCO iliiandika Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Kando ya msitu wanakijiji hufuga vipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993, na kwa wengi wao msitu uliosimama umekuwa riziki. Vibao vya njiani vinaeleza msikiti, jumba na visima. Naomba wanaoviandika upya waweke hadithi ya wazee wa kale pale pale yalipo maelezo ya fingo, wala si pembeni kama burudani, na waiandike kwa Kigiriama pia, lugha ya watu waliouacha mji usimame.