Vinu vya Pamba na Meza za Chakula

Hapana mkulima wa pamba katika mwambao huu wa Ziwa asiyelijua jengo la kinu. Ni nyumba ndefu yenye paa la bati, ghala za pamba huku na ghala za mbegu huko, na mbele yake uwanja mpana ambao zamani magari yalipanga foleni usiku na mchana. Leo baadhi ya majengo hayo yamenyamaza. Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu twapenda kuandika juu yake, na juu ya nchi nyingine ambako majumba ya viwanda vilivyozimwa yametengenezwa upya yakawa mahali pa kula na kunywa. Jambo hilo limekwisha kutajwa miongoni mwetu. Wengine wamelicheka, na wengine wamelipenda upesi mno.

Yafaa kwanza tukumbuke majumba haya yalivyofika mikononi mwa wakulima. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Lakini mkulima aliishia kwenye mizani. Aliyenunua ndiye aliyepima, na mwenye kinu ndiye aliyejua faida. Mzee aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani hakuweza kusoma mshale wa mizani, wala hakuwa na wa kumsomea. Malalamiko hayo ya mizani, kuliko hotuba yoyote, ndiyo yaliyovizaa vyama vya ushirika katika Jimbo la Ziwa. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha wakulima wa jimbo, Bwana Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, Muungano huo ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba na kuanza kuwa na vinu vyake wenyewe, Kasamwa katika Geita kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mtu aliyekuwa akisimama nje ya lango akawa mwenye lango.

Kazi ya kinu ni rahisi kuieleza, ingawa kuifanya ni kugumu. Pamba mbegu huingia upande mmoja. Mashine hunyofoa nyuzi na kuangusha mbegu. Nyuzi hushindiliwa kuwa robota la kadiri ya kilo 181. Katika kilo 3 za pamba hupatikana kadiri ya kilo 1 ya nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Vumbi la nyuzi hutanda kila mahali kama ukungu. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kinu ilikuwa moja: moto usikaribie. Kiberiti kiliachwa langoni, na sigara vilevile. Msomaji na aishike amri hiyo, maana tutairudia.

Yaliyofuata wengi wetu twayakumbuka. Mwaka 1968 Muungano ukageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union; mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchini kote, mali yake ikashikwa na mamlaka ya zao; mwaka 1984 vikarudishwa. Miaka kumi baadaye biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Vinu vipya vya watu binafsi vikajengwa, na vile vya zamani, vyenye mashine kuukuu na madeni, vikaanza kukosa pamba. Jumba lisilo na kazi halikai muda mrefu. Bati huondoka kwanza, kisha mbao, na mwisho huja mtu mwenye hati mkononi akidai kiwanja.

Na tutazame wenzetu. Huko Saltaire, karibu na mji wa Bradford katika Uingereza, Titus Salt alifungua kiwanda kikubwa cha sufu tarehe 20 Septemba 1853. Siku hiyo aliwaalika watu wapatao 3,500, wafanya kazi wake wakiwamo, wakala karamu ndani ya ukumbi wa kuchania sufu kabla mashine hazijaanza kazi. Lakini bwana huyo aliuchukia ulevi, hata hakuruhusu nyumba ya pombe katika kijiji alichowajengea wafanya kazi. Kiwanda kikafungwa mwaka 1986. Mwaka uliofuata Jonathan Silver akakinunua, akatundika humo picha za mchoraji David Hockney, akaweka maduka na ukumbi wa chakula. Watu husafiri kwenda kula pale palipokuwa na mashine, na kinywaji alichokikataza mwenyewe sasa chapatikana kijijini. Tangu mwaka 2001 kijiji kizima kimo katika orodha ya urithi wa dunia.

Karibu nasi pia mifano ipo. Katika Rasi ya Msasani, Dar es Salaam, mahali paitwapo Slipway palikuwa karakana ya mashua. Pakageuzwa kuwa maduka na migahawa inayotazama bahari. Moshi, ndugu zetu wa KNCU, chama kilichosajiliwa mwaka 1933, walifungua mgahawa wao mjini, kahawa ya wanachama ikanywewa palepale ilipokaangwa. Hilo halikuwa jengo la kiwanda, lakini twalitaja kwa kuwa mwenye mgahawa alikuwa mkulima mwenyewe.

Hapo ndipo penye shauri letu. Slipway ni pazuri, lakini mvuvi wa Msasani hali chakula chake pale, bei haimruhusu. Saltaire ilinunuliwa na mtu mmoja, tena mtu mwema. Sisi hatuwezi kujenga matumaini juu ya wema wa mnunuzi. Twaona kwamba kinu kilichonyamaza chaweza kupangishwa kwa mwenye hoteli, kwa miaka iliyohesabiwa na kwa kodi iliyoandikwa, lakini hati ya kiwanja isitoke katika sanduku la Chama. Mashine moja na ibaki mahali pake, na mizani nayo, si kwa pambo tu. Kijana anayekula sangara wa kukaanga aulize ile ni nini, naye ajibiwe.

Na jiko? Tulisema moto ulikatazwa. Ghala iliyohifadhi pamba miaka 40 ina nyuzi katika kila ufa wa dari, na mbao zake zimelowa mafuta. Jiko lijengwe nje, mbali na ukumbi, na dari ifagiliwe yote kabla meza ya kwanza haijaingizwa. Mafundi watakaosema gharama hiyo ni ya bure wasisikilizwe.

Limebaki neno moja ambalo katika mazungumzo yetu halijatajwa na mtu. Vinu vyetu vilikuwa na walishaji wake tangu zamani. Kila msimu wa ununuzi, kina mama walikuja na masufuria, wakakaa chini ya miti ng'ambo ya lango, wakauza ugali na dagaa, sato wa mchuzi, na michembe iliyopikwa kwa karanga. Waliwakopesha wapagazi hadi siku ya mshahara, na hesabu waliiweka kichwani. Katika vinu vinavyofanya kazi bado wapo. Mkataba wowote utakaoletwa mbele ya mkutano mkuu tutautazama kwanza kwa jambo hili: kama umewatengea kina mama hao sehemu ndani ya lango, yenye paa na maji, na kwa kodi wanayoiweza.