Hataza, Dhahabu na Kingamwili: Ulinganisho wa Kihistoria kutoka Ukanda wa Geita na Shinyanga

Mwaka 1887, John Stewart MacArthur na ndugu wawili, Robert na William Forrest, waliomba hataza nchini Uingereza kwa mbinu ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi. Mwaka 1896 mahakama ya Transvaal iliibatilisha hataza hiyo, na hataza za Uingereza zama hizo kwa kawaida hazikuvuka miaka 14. Hivyo mgodi wa kisasa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, kanuni hiyo ilikuwa mali ya wote.

Historia ya kingamwili za tiba ilichukua mkondo mwingine. Georges Köhler na César Milstein walibuni mjini Cambridge, mwaka 1975, namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja kutoka seli chotara, nao uvumbuzi huo haukuwekewa hataza. Waliofuata hawakuacha pengo hilo. Adalimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kutibu baridi yabisi, maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo, ilizungushiwa hataza zaidi ya 100. Hataza yake ya msingi ilikwisha mwaka 2016, lakini dawa shindani ziliingia soko la Marekani mwaka 2023 tu.

Kwa Tanzania, kizuizi hicho si cha kisheria pekee. Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Hata hivyo, ruhusa ya kutengeneza si uwezo wa kutengeneza. Sianidi ni kemikali: mwenye mtambo na mtaalamu aliweza kuifuata kanuni iliyoandikwa. Kingamwili huzalishwa na seli hai, na seli hizo, pamoja na ujuzi wa kuzilea na kuisafisha dawa, hubaki kwa mtengenezaji hata hataza inapokwisha. Dawa yenyewe huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi kuanzia kiwandani hadi kwa mgonjwa.

Kwa hiyo, mgonjwa wa baridi yabisi aishiye Kahama hatanufaika kwa kumalizika kwa hataza peke yake. Muda uliosalia kabla ya 2033 utakuwa na maana iwapo utatumika kudai seli, mafunzo na viwanda, si msamaha wa sheria tu.