Babu Aliingia Marekani kwa Jina la Kununua, Wajukuu Wanalisaka la Kweli

Wasanii wanabadili majina kila siku na hakuna anayeshangaa. Sasa fikiria mzee wa familia anaishi na jina la kununua maisha yake yote, anaoa nalo, anazaa nalo, na watoto hawajui kitu. Pale San Francisco, Marekani, mitaa ya Chinatown, familia za hivyo zipo kibao.

Chanzo ni sheria. Mwaka 1882 Marekani iliwapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini. Waliobaki na mlango ni wachache, wakiwemo watoto wa raia. Halafu Aprili 18, 1906 tetemeko likapiga San Francisco, moto ukafuata, rekodi za vizazi zikaungua. Mchongo ukaanzia hapo. Mchina aliyekuwa mjini anadai kazaliwa palepale, nani atabisha wakati daftari ni majivu? Akishakuwa raia, akienda China na kurudi anaripoti kapata mtoto wa kiume. Mtoto hayupo, ila nafasi yake ipo, na inauzwa kwa kijana mwingine. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi.

Maofisa nao hawakuwa mafala. Kuanzia 1910 hadi 1940 waliwashikilia wageni kisiwani Angel Island, wengine kwa miezi, wakiwauliza maswali: nyumba yenu ina madirisha mangapi? Kisima kiko upande gani? Jirani wa safu ya tatu ni nani? Majibu yalilinganishwa na ya huyo "baba". Ndiyo maana kijana alipewa desa la kukariri kwenye meli, akishalimeza analitupa baharini. Aisee, huo mtihani ukifeli unaweza kurudishwa kwenu.

Sheria ilifutwa 1943, woga ukabaki. Mwaka 1956 serikali ilileta mpango wa kukiri, ila ukikiri umewachoma na ndugu wote wa kwenye karatasi. Wengi wakakausha. Huko kuna makaburi yenye majina mawili: kwa Kiingereza la kununua, kwa Kichina la ukweli. Yaani mzee kausema ukweli akiwa kaburini, tena kwa maandishi ambayo wajukuu wengi hawawezi kuyasoma.

Ndipo inapoingia Chinese Culture Center. Taasisi yake iliundwa 1965, na 1973 kituo kikafunguliwa ghorofa ya tatu ya hoteli, mtaa wa Kearny, jirani na bustani ya Portsmouth ambako wazee wa Chinatown wanashinda. Maonyesho ya sanaa yapo, ila kazi nzito ilikuja na programu ya vijana iliyoanza 1991. Vijana wanawahoji bibi na babu, wanachimba mafaili ya uhamiaji, kisha wanapanda ndege hadi Guangdong kukitafuta kijiji.

Utamu uko hapa. Yale mahojiano yaliyotungwa ili kuwazuia babu zao leo ndiyo ramani. Ofisa aliandika kila kitu, mafaili mengine yana hadi mchoro wa kijiji, nyumba kwa nyumba. Kazi ya mjukuu ni kuchuja lipi desa, lipi kweli.

Wakibahatika kufika, wenyeji wanaweza kuwafungulia kitabu cha ukoo. Mabinti nao wanainama kusaka jina la babu humo, kwenye kitabu ambacho kwa mila ya zamani kinahesabu watoto wa kiume tu.

Wewe babu wa babu yako unamjua kwa jina? Tiririka hapo chini.