Watoto wa Tengeru waliogombaniwa na mataifa

Mwaka 2024 ilitimia miaka 75 tangu watoto zaidi ya 120 wa Kipolandi, waliolelewa Tengeru nje kidogo ya mji wa Arusha, washuke meli katika bandari ya Halifax, Kanada. Huku kwetu sikusikia mtu akiitaja siku hiyo, na inauma, maana safari yenyewe ilianzia mlangoni petu.

Chanzo chake ni Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti. Kuanzia Februari 1940 familia za Kipolandi zilitolewa majumbani kwa nguvu, zikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia. Waliosalimika walitoka kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru, jirani na Ziwa Duluti, ikawa kambi yao kubwa kuliko zote: watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakiishi katika nyumba za msonge zilizopakwa chokaa. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na mashamba. Walikuwa pia na nyumba ya yatima.

Vita vilipokwisha, Waingereza walitaka kambi zifungwe. Mtu mzima aliweza kujiamulia: Uingereza, Australia au kurudi Polandi, ambako sasa Wakomunisti walikuwa madarakani. Lakini mtoto asiye na mzazi, nani amwamulie? Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lilipokuwa likitafuta jibu, Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal akajitolea kuwapokea. Serikali ya Polandi mjini Warsaw nayo ikasema hawa ni raia wetu, warudishwe.

Mengi tunayoyajua tunayapata kwa Padre Łucjan Królikowski, Mfransisko aliyefuatana nao na baadaye akaandika kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia, na hafichi yuko upande gani. Watoto hawa walikuwa wameona ndugu zao wakifa kwa njaa na homa mikononi mwa Wasovieti, na sasa serikali iliyowekwa na Wasovieti haohao ikawaita nyumbani. Ukiyasoma hayo huwezi kushangaa kwamba hawakutaka kurudi.

Hata hivyo upande wa pili nao haukukosa hoja. Si kila aliyeitwa yatima alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Wapo waliopotezana na wazazi njiani, na wapo waliokuwa na ndugu Polandi. Kumvusha bahari mtoto wa namna hiyo ni kumweka mbali zaidi na mama ambaye huenda bado anamtafuta. Naamini padre alitenda haki, lakini mama huyo hanitoki akilini.

Juni 1949 watoto walipanda meli Gerusalemme pale Mombasa, wakashukia Salerno, Italia. Warsaw ikaja juu, ikidai wakabidhiwe kwake. Watoto wakapandishwa treni kwenda kaskazini hadi Bremen, Ujerumani, na kutoka huko meli ya General Heintzelman ikawavusha Atlantiki. Walipokwisha kufika, Polandi ililifikisha suala hilo Umoja wa Mataifa, ikisema watoto wake wametekwa nyara. Kanada haikuwarudisha. Waligawanywa katika shule za bweni na familia za Quebec, na padre akabaki mlezi wao, akiwazungukia walikotawanyika hadi walipokua na kujitegemea. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 100.

Kambi ya Tengeru ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na eneo lake sasa lina chuo cha mifugo. Yamebaki makaburi 150 hivi ndani ya ukuta, na Wapolandi husafiri kutoka mbali kuja kuwasha mishumaa. Kumbukumbu hii tumewaachia wao kupita kiasi. Wameru ndio waliokuwa majirani wa watoto hawa. Wazee waliowaona wanazidi kupungua, na walimu wa historia wa Arumeru wangeweza kuwapeleka wanafunzi wao kuwasikiliza muhula huuhuu.