Kazimoto Alilala Saa Ngapi?

Tangu riwaya ya Kichwamaji ichapishwe mwaka 1974, Kazimoto, mhusika wake mkuu, amesomwa kwa miwani ya Camus na Sartre. Wahakiki wana sababu zao. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliwasoma wanafalsafa hao kwa makini, na katika Nagona (1990) wanafikra wa Magharibi wanajitokeza kwa majina yao. Udhanaishi wao umo, hakuna anayebisha.

Lakini tuuweke kando kidogo, tumtazame kijana mwenyewe. Ndugu yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, Mkuu wa Wilaya, kisha anakufa. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase. Kisasi kinageuka ndoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, naye haishi. (Kichwamaji, tusisahau, ni jina la ugonjwa kabla ya kuwa sitiari.) Mwisho Kazimoto anajiua. Muuguzi wa wodi ya akili akisimuliwa mkasa huo, hataanza kwa kuuliza kijana aliamini nini kuhusu Mungu. Atauliza alikuwa analala saa ngapi.

Kwa nini basi mwandishi akaielekea rafu ya falsafa? Jibu moja limo katika msamiati. Sonona ni neno lililoanza kuzoeleka juzijuzi tu. Wazimu, ambalo limebeba zimu tumboni mwake, pamoja na kichaa na kurukwa na akili, yote humhusu mtu aliyekwisha kuvuka mpaka, anayevua nguo sokoni. Huzuni na simanzi yalikuwepo, lakini hayo ni ya msiba, na msiba una arobaini yake. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, jina lake limekuwa tusi la watoto. Mtu anayeoa, anayepiga soga na wenzake huku ndani amekufa ganzi, angeitwaje? Vitabu vya Wafaransa vilimwazima Kezilahabi lugha ambayo zahanati na kijiji havikuwa nayo.

Ebrahim Hussein alikopa kwingine. Tamthilia yake, Mashetani (1971), inaanza kwa mchezo chini ya mbuyu: Juma anakuwa Shetani, Kitaru Binadamu. Mchezo unakwisha, Kitaru anaugua. Shetani wa pwani si dhana ya kitabuni. Hupungwa, hufukizwa ubani, huulizwa jina lake na anachotaka, na anayepandwa naye huitwa kiti chake. Mgonjwa hapo tayari ana watu waliomzunguka na maswali ya kumuuliza.

Hata hivyo Hussein naye kafikwa na yale yale. Madarasani, shetani huyo hufundishwa kuwa ni ukoloni, na Kitaru msomi aliyepotea. Tafsiri hiyo ni halali, tena ina nguvu. Ila kumbuka kwamba Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu yake ya uzamivu, Wisconsin, 1985, kuhusu tatizo la kuifasiri fasihi kwa mtazamo wa falsafa ya Kiafrika. Lakini katika maswali ya mitihani Kazimoto bado ni mdhanaishi, na Kitaru bado ni taifa. Swali la mganga wa kupunga, yaani huyu anaumwa nini na tangu lini, halijapata alama zake.