GTV: siku king'amuzi kilipogeuka kopo

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze historia. Ukipita hapa mtaani Membley, Ruiru, ukainua macho juu ya mapaa, utaona madishi ya kampuni mbalimbali, mengine yameshika kutu. Kila dishi lililokufa ni pesa ya mtu.

Kisa ninachokitaka ni cha GTV. Kabla ya 2007, Mkenya aliyetaka Ligi Kuu ya Uingereza sebuleni alimtegemea sana DStv, na bei haikuwa ya kila mtu. GTV, kampuni yenye makao London, ikanunua haki za mechi nyingi za ligi hiyo barani Afrika kwa misimu mitatu, 2007 hadi 2010, ikauza kwa bei nafuu. Watu wakanunua ving'amuzi.

Tarehe 30 Januari 2009 ikafunga. Msukosuko wa fedha duniani ulikuwa umekausha mifuko ya wawekezaji. Waliokuwa wamelipia mapema walibaki na skrini tupu.

Angalia tarehe hiyo vizuri. Siku 28 tu kabla, tarehe 2 Januari, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametia saini sheria iliyoipa tume ya mawasiliano, CCK, mamlaka juu ya utangazaji. Refa alikabidhiwa filimbi mchezaji mmoja akiwa tayari anachechemea.

Je, shida ilikuwa ya Afrika? Hapana. Uingereza kwenyewe, Tume ya Ulaya ilishinikiza mechi zigawanywe ili Sky isichukue zote kuanzia msimu wa 2007. Setanta ikanunua mafungu 2 kati ya 6, na Juni 2009 nayo ikaanguka. Mgeni sokoni hulipia haki ghali leo, wateja anawapata kesho, akiwapata.

Sasa nizungumze kama mtu wa kompyuta. Ving'amuzi vya setilaiti hufuata viwango vya DVB, kwa hiyo mawimbi si siri. Kinachotofautiana ni kufuli, yaani kadi na usimbaji wa kila kampuni. DVB ina kiwango cha nafasi ya kuchomeka kufuli hilo kando, na Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulitaka televisheni kubwa za dijitali ziwe na nafasi wazi kama hiyo. Mteja wa GTV angekuwa nayo, angebadilisha kadi tu. Yeye alibaki na kopo.

Kampuni hujitetea kwamba huuza vifaa chini ya gharama na huogopa wezi wa mawimbi. Hoja hiyo ina uzito, lakini hasara ikitokea, anayeibeba ni mnunuzi.

Kwamba serikali inaweza kulazimisha kiwango, tulishaona. Tulipohamia dijitali mwaka 2015, mrithi wa CCK, Mamlaka ya Mawasiliano, ilisimamia DVB-T2, na king'amuzi kimoja cha bure kikashika chaneli zote za bure. Upande wa kulipia, kufuli zilibaki za wenyewe.

Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice. Wakubwa wanaungana, na mgeni mwingine atakuja na bei tamu. Mimi naona leseni yake iwe na sharti moja: kufuli litoke, sanduku libaki la mwananchi.