Nafasi ya Upanuzi kama Kigezo cha Kuchagua Kompyuta Binafsi nchini Marekani, 1977–1984

Sehemu hii inachunguza namna mnunuzi wa kompyuta binafsi nchini Marekani alivyolazimika kupima si uwezo wa mashine aliyoiona dukani tu, bali pia uwezo ambao ingeweza kuongezewa baadaye. Maelezo yaliyozoeleka hudai kwamba mashine zenye muundo wazi zilishinda kwa kuwa ziliruhusu upanuzi. Hoja ya sehemu hii ni kwamba maelezo hayo yanafafanua ushindi wa aina ya mashine, ilhali hayafafanui vya kutosha hali ya mtu aliyekwisha kulipia mashine moja mahususi.

Apple II, iliyoanza kuuzwa Juni 1977, ilikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi. Steve Jobs aliona kwamba mbili zingetosha, moja ya printa na nyingine ya modemu. Steve Wozniak alishikilia nane. Manufaa ya msimamo huo yalidhihirika baadaye. Mwaka 1978 kiendeshi cha Disk II kiliunganishwa kwa kadi, na mwaka 1980 Microsoft iliuza kadi yenye kichakataji cha Z80, iliyoiwezesha mashine hiyo kuendesha programu za CP/M. Mnunuzi wa mwaka 1977 hakuweza kuyatabiri hayo. Alichonunua ni nafasi tupu.

Mfano wa IBM PC unaonesha kwamba idadi ya nafasi peke yake ni kipimo pungufu. Mashine hiyo ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981, kwa bei ya kuanzia dola 1,565, ikiwa na kumbukumbu ya KB 16 bila kiendeshi cha diski. Ilikuwa na nafasi tano, lakini kadi ya skrini ilichukua moja na ya diski ikachukua nyingine. Aliyehitaji kumbukumbu zaidi na njia ya mawasiliano alikaribia kuzimaliza. Uhaba huo ndio uliozipa soko kadi zenye kazi nyingi, mathalani SixPakPlus ya AST Research. Aidha, kifaa cha kugawa umeme kilitoa wati 63.5 tu, na BIOS za awali hazikuweza kutambua kadi ya diski ngumu. IBM ilipotoa modeli ya XT mwaka 1983, iliipa nafasi nane, wati 130 na diski ngumu ya MB 10. Hata hivyo, kadi nyingi za mashine ya kwanza ziliweza kuhamishiwa katika XT.

Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa kinyume cha hayo: KB 128 zilizolehemewa kwenye ubao, bila nafasi ya kadi. Modeli ya KB 512 ilipotoka Septemba mwaka huohuo, njia rasmi ya kuifikia ilikuwa kubadilishiwa ubao mkuu.

Kwa mantiki hiyo, upanuzi unapaswa kupimwa kwa nafasi zinazobaki baada ya mahitaji ya lazima, kwa umeme uliopo, na kwa uwezekano wa kuhamisha viongezwa. Kwa mmiliki wa IBM PC ya kwanza, uwazi ulihifadhi thamani ya kadi zake kuliko ulivyorefusha uhai wa mashine yenyewe. Mtafiti anayehesabu nafasi za kadi pekee huisoma ahadi ya mtengenezaji, si gharama iliyombakia mnunuzi.